Mabamba matatu ya Lambeth: jinsi Maudslay alivyowafundisha mafundi wa vipimo

Mwaka 1829 kijana wa Edinburgh aitwaye James Nasmyth alifika Lambeth, London, katika karakana ya Henry Maudslay, akiwa na injini ndogo ya mvuke aliyoiunda mwenyewe pamoja na michoro yake. Maudslay alikuwa ameshaacha kupokea wanagenzi wa kulipiwa ada, kwa kuwa vijana wa familia zenye uwezo walimsumbua kuliko walivyomsaidia. Alipoikagua injini ile alimchukua Nasmyth kuwa msaidizi wake, kwa mshahara wa shilingi 10 kwa wiki. Joseph Whitworth alikuwa amekwishapita hapo. Kabla yake walipita Richard Roberts na Joseph Clement, ambaye baadaye alitengeneza sehemu za mashine ya hesabu ya Charles Babbage. Karibu kila jina kubwa katika ufundi wa mashine Uingereza wakati ule lilipitia mlango huo mmoja.

Wengi huridhika kusema kwamba Maudslay alikuwa na kipaji. Kipaji alikuwa nacho, lakini hakimwelezi Whitworth. Ukiangalia kazi ilivyopangwa pale karakana, jibu liko juu ya meza: Maudslay aliweka mabamba ya chuma yaliyosawazishwa kwa uangalifu mkubwa karibu na meza za mafundi wake, ili kila mmoja apime kazi yake mwenyewe kabla ya kuipeleka kwa mkubwa. Fundi hakuwa na haja ya kungoja msimamizi apite ndipo ajue amekosea wapi, na hilo naliona ndilo lililowajenga.

Kwa nini bamba bapa liwe na uzito kiasi hicho? Miaka ya 1790 Maudslay alikuwa miongoni mwa waliomwondolea mkerezaji kazi ya kuishika patasi kwa mikono, wakaifunga kwenye kitako kinachoteleza juu ya reli za mashine. Tangu hapo unyoofu wa kazi ukatoka kwenye unyoofu wa reli. Reli ikiwa na mwinuko, kila shafti itakayokerezwa juu yake itaubeba mwinuko huo. Basi reli isawazishwe kwa kulinganishwa na kitu kilichonyooka zaidi, nacho kilinganishwe na kipi?

Jibu ni mabamba matatu. Whitworth ndiye aliyelitangaza hadharani mwaka 1840, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Glasgow. Unachukua bamba la kwanza la chuma cha kusubu, unalipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, utando mwembamba kiasi cha kukaribia kutoonekana. Unalilaza juu ya la pili na kulisogeza kidogo. Ukiliinua, rangi imeshika sehemu zilizo juu tu, na hizo unazikwangua kwa kikwangua cha mkono. Unarudia. Mwanzoni madoa ni machache na makubwa, kisha yanagawanyika na kuenea, mpaka kwenye kila mraba wa milimita 25 unahesabu nukta 20 au zaidi. Kila mkwanguo huondoa mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita.

Mabamba mawili hayatoshi, na hapa ndipo mwanagenzi anapojifunza kufikiri. La kwanza linaweza kuwa na bonde na la pili kilima, yakashikana vizuri kama bakuli mbili zilizopachikwa, rangi ikaenea kote, na yote mawili yakawa na kasoro. Lete la tatu, lisawazishe kwa la kwanza lile lile. Sasa la pili na la tatu yote yana kilima. Yakutanishe: yatagusana katikati na kuyumba pembeni, na kosa lililokuwa limejificha linaonekana kwa macho. Unakwangua yote mawili kwa kiasi sawa, unabadilisha jozi, unaendelea. Tena lazima uyageuze robo mzunguko mara kwa mara, kwa sababu bamba lililopindika kama tandiko linaweza kupita majaribio ya jozi zote tatu bila kugunduliwa. Mwisho wake una nyuso tatu bapa ambazo hazikunakiliwa kutoka popote. Kila mwalimu wa karakana angepaswa kulisimamia zoezi hili mwenyewe, maana humwonyesha kijana kwamba vitu viwili kukubaliana si ushahidi.

Kabla ya hapo mafundi walisuguanisha mabamba kwa unga wa msasa. Whitworth aliupinga mtindo huo kwa hoja nzito: unga hujikusanya unapotaka wenyewe, na fundi hawezi kuamua chuma kitoke wapi. Kikwangua hutoa pale tu alipokusudia.

Ubapa ulikuwa nusu ya mafunzo. Nusu ya pili ilikuwa hesi. Maudslay alitengeneza parafujo ya urefu wa futi 5 na kipenyo cha inchi 2, yenye hesi 50 kwa kila inchi, na nati yake ya inchi 12 ikashika hesi 600 kwa wakati mmoja. Ilitumika kugawanya vipimo vya ala za astronomia. Hesi ya namna hiyo hugeuza mzunguko kuwa mwendo unaohesabika, na ndiyo iliyo ndani ya maikromita. Maikromita ya mezani ya Maudslay iliitwa Lord Chancellor, jina la jaji mkuu wa nchi, kwa sababu mafundi wawili wakibishana kuhusu kipimo, hukumu ilitoka kwake.

Mfumo huu ulikuwa na udhaifu, na sitaufumbia macho. Usahihi uliishia mlangoni. Nati ya karakana moja haikuingia kwenye bolti ya karakana nyingine. Mwaka 1841 Whitworth alikusanya hesi kutoka karakana nyingi, akatafuta wastani wake na kupendekeza pembe moja kwa wote, nyuzi 55. Pembe hiyo ingali kwenye mabomba ya maji ya nusu inchi na robo tatu yanayouzwa Kariakoo leo.

Sasa tuje kwa mwanagenzi wa kwetu. Mpe kazi ya kawaida: shafti ya milimita 25 inayozunguka ndani ya bushi, kwa mpachiko wa H7/g6. Tundu liwe kati ya 25.000 na 25.021, shafti iwe kati ya 24.980 na 24.993. Ana nafasi ya mikroni 13. Anakereza haraka, anasimamisha mashine, anapima shafti ikiwa ingali ya moto, anasoma 24.985 na kufurahi. Ikiwa joto la shafti limezidi la maikromita kwa nyuzi 40, chuma hicho kitanywea takriban mikroni 11 na nusu kikipoa. Baada ya chai kipimo ni 24.973, na shafti haifai tena. Mashine haikukosea, na mkono haukutetemeka.

Hali ya hewa nayo inaongeza yake. Vipimo vya viwandani duniani hutajwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Katika karakana ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32, kipande cha chuma cha milimita 100 kimerefuka takriban mikroni 14, na cha alumini takriban 28. Ukipima chuma kwa maikromita ya chuma iliyokaa meza moja nacho, makosa karibu yanafutana. Ukipima alumini kwa maikromita hiyo hiyo, hayafutani. Mwanagenzi aliyewahi kuona mabamba mawili yakidanganyana ataelewa haraka kwamba maikromita nayo ni ya kushukiwa.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona vijana wakikimbizwa kwenye mashine zinazoendeshwa kwa kompyuta kabla hawajashika tupa. Wanajifunza kuandika programu, mashine inatoa kipande, na wakiulizwa kama kipande ni sahihi wanaonyesha namba kwenye skrini. Namba hiyo inaeleza mashine iliagizwa kwenda wapi. Haijui reli zimelika kiasi gani wala patasi imekuwa butu tangu lini.

Gharama ya kurekebisha hali hii ni ndogo. Mabamba matatu ya sentimita 30 kwa 30 yanaweza kusubiwa papa hapa, yakaachwa miezi kadhaa yatulie, kwa kuwa chuma kilichosubiwa karibuni huendelea kujipinda. Kikwangua hutengenezwa kwa tupa chakavu iliyonolewa ncha. Kijana apewe muhula wa kwanza wote kwa kazi hiyo, akiandika kila siku rangi ilishika wapi na alikwangua wapi. Mtihani wake uwe bamba la nne lenye kasoro asiyoijua: aseme limeinuka wapi na kwa mikroni ngapi, akitumia yale matatu aliyoyatengeneza, ndipo aruhusiwe kwenda kwenye mashine ya kukereza.