Kinanda Kisiwe na Adabu Mno

Mwuzaji aligeuza laptopu ili nione vizuri. Kwenye kioo palikuwa na picha ya kinanda cha Hammond: mbao za rangi ya chai ya rangi, vipau vya kuvuta vya kahawia, vyeupe na vyeusi, na mkwaruzo mdogo kwenye kona, kana kwamba chombo kimeingizwa na kutolewa makanisani kwa miaka hamsini. Akavuta kipau kimoja kwa kipanya, akanitazama usoni. Tulikuwa katika duka la vyombo vya muziki karibu na kampasi ya Chuo cha Muziki cha Xinghai, Barabara ya Xianlie, mchana wa Julai, kwenye joto la Guangzhou ambalo hata mtu wa Tanga hulipigia saluti. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamwomba aielekeze laptopu ukutani.

Akacheka, lakini akaielekeza. Programu zinazoiga vinanda na sintesaiza za zamani huuzwa kwa macho. Anayechora mkwaruzo anajua kuwa mnunuzi ataamini amesikia uzee kumbe ameuona tu. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe chochote, ondoa picha.

Naishi Xiaobei, mtaa ambao Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mkongo hukutana kwenye lifti moja. Kazi yangu ni mizigo. Vinanda ni maradhi yangu. Kwa kuwa watu wa nyumbani wameshajua maradhi hayo, haipiti wiki bila ujumbe kwenye simu: “Kaka, nitafutie kinanda chenye sauti ya Hammond, cha kwaya yetu.” Wanadhani mkoa huu una kila kitu, na hawajakosea sana. Pearl River ya piano iko hapa Guangzhou, Medeli iko Zhuhai, na kiwanda cha Behringer, wanaotoa nakala za chuma za sintesaiza ya Minimoog, kiko Zhongshan. Donner, kampuni ya hapa hapa mjini, ina B1, kisanduku cha besi kinachofuata nyayo za Roland TB-303. Lakini Hammond B-3 yenyewe, pamoja na benchi na pedali zake, ina karibu kilo 190, na mimi ndiye ninayejua kilo moja inagharimu nini hadi Dar. Programu haina kilo. Nawajibu: nunua kibodi bubu yenye vitufe vizuri, laptopu yenye nguvu, kisha tuzungumze programu ipi.

Hapo ndipo kazi inapoanza, maana zote zinaimba vizuri kwa dakika mbili za kwanza.

Ninachotafuta mimi ni makosa. Niliwahi kumtumia mzee mmoja wa Mombasa, aliyepiga vinanda vya harusi tangu ujana wake, rekodi ya programu niliyoipenda. Jibu lilikuja usiku: “Mwanangu, kinanda chako chaimba kwa adabu mno.” Nilinuna siku mbili. Kisha nikaelewa kuwa amenipa kipimo cha kutosha maisha yangu yote.

Tuanze na Hammond, kwa sababu ndiyo inayoombwa zaidi na ndiyo inayoigwa vibaya zaidi. Laurens Hammond aliiingiza sokoni mwaka 1935. Ndani yake kuna magurudumu ya chuma yenye meno, yanayozungushwa na mota mbele ya sumaku. B-3 ina 91. Kila kitufe kina vigusio tisa, kimoja kwa kila kipau, na vigusio hivyo havigusani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana noti huanza na kamlio kadogo ka “tk”. Wahandisi wa Hammond walikahesabu kuwa dosari na wakajitahidi kukaondoa, wapigaji wakakapenda. Basi piga noti moja mara kumi kwa nguvu ileile na usikilize ile “tk” peke yake. Katika programu nzuri haifanani mara mbili. Katika programu dhaifu ni muhuri uleule unaogongwa kwenye karatasi.

Kisha washa pigo la mwanzo, ile ting’ ndogo inayotangulia noti. Shikilia kitufe kimoja kwa kidole gumba, na vidole vingine vipige noti nyingine juu yake. Katika Hammond ya kweli ting’ haitasikika tena mpaka uachie vitufe vyote, kwa sababu chombo kina mzunguko mmoja tu wa kazi hiyo. Na kwenye B-3, ting’ ikiwashwa, kipau cha tisa hunyamaza. Nimeona programu zenye picha nzuri ajabu zikipiga ting’ kwenye kila noti, kama kengele za baiskeli. Aliyeandika programu kama hiyo hakukaa na chombo. Alisoma maelezo yake tu.

Halafu iache kimya. Inua vidole vyote, ongeza sauti, sikiliza. Magurudumu yanazunguka muda wote, upige usipige, na sauti zake huvuja kutoka waya mmoja hadi mwingine. Kimya cha Hammond kina uvumi, na noti ya juu ikipigwa peke yake huja na majirani zake kwa mbali. Programu ambayo kimya chake ni cheusi tititi imeoshwa kupita kiasi.

Lakini mwenye kuua au kuokoa ni Leslie. Don Leslie alianza kuuza spika yake mwaka 1941: kabati la mbao lenye tarumbeta inayozunguka juu kwa sauti nyembamba, na pipa linalozunguka chini kwa sauti nzito, kila kimoja upande wake. Tarumbeta ina midomo miwili, na mmoja hautoi sauti. Upo wa kusawazisha uzito tu. Polepole huzunguka kama mara arobaini na kitu kwa dakika, na kwa kasi ni kama mia nne. Usipoteze muda kusikiliza mwendo wa polepole wala wa kasi, maana hapo hata programu ya bure hujitetea. Sikiliza safari ya kutoka huku kwenda kule. Tarumbeta ni nyepesi, hushika kasi kwa takriban sekunde moja. Pipa ni zito, hujikokota sekunde kadhaa baada ya mwenzake kufika. Katika pengo hilo kinanda huwa kama umati ambao nusu yake imesimama na nusu bado inainuka. Mimi hubadilisha mwendo katikati ya akodi, mara ishirini, thelathini, hadi mwuzaji anaanza kupanga rafu. Programu inayobadilika yote kwa pamoja naiacha hapo hapo.

Ukitaka majina: VB3 ya GSi kutoka Italia naiheshimu kwa mambo haya ya kati na kati, na B-3X ya IK Multimedia, ya mwaka 2019, iliyotoka kwa ridhaa ya Hammond wenyewe, ina Leslie nzuri ila hutaka laptopu yenye misuli. Asiye na pesa achukue setBfree. Ni ya bure, ina sura ya fomu ya ushuru, na hupiga kuliko baadhi ya zinazolipiwa.

Vinanda vya transista, Farfisa na Vox Continental vya miaka ya 1960, vina siri tofauti. Ndani yake mna osileta kumi na mbili tu, moja kwa kila noti ya mzani, na oktavu zote za chini hupatikana kwa kugawanya mbili, na tena mbili. Kwa hiyo Do ya chini na Do ya juu ni damu moja; zikipigwa pamoja hutulia kama kioo. Zikitetemeka zenyewe kwa zenyewe, aliyetengeneza programu alirekodi kila kitufe peke yake bila kujua anachorekodi.

Ujuzi huo una faida kwetu watu wa pwani. Ukifungua Farfisa na kulegeza Mi moja kwa bisibisi, Mi zote za kinanda zinashuka pamoja. Mwenye kupiga maqamu ya Kiarabu ya Rast anajua ninakoelekea: Mi ya Rast hushuka takriban robo ya toni, na Si vilevile, na bila hivyo wimbo wa taarabu hugeuka wimbo wa shule. Culture Musical Club wa Unguja, tangu 1958, hawana shida hiyo, kwani fidla haina vitufe. Taarab ya kisasa, ya akina Jahazi na East African Melody, imekaa juu ya kinanda, na wapigaji wake wamezoea vinanda vya Yamaha na Korg vya soko la Waarabu vyenye vitufe vya kushusha robo. Kwa hiyo programu yoyote ya sintesaiza ninayomshauri mpigaji wa pwani naiuliza swali ambalo watathmini wa Ulaya hawaliulizi: inakubali mizani ya mtu mwingine? Surge XT na Dexed, zote za bure, husoma mafaili ya mizani ya aina ya Scala, na kazi imekwisha. Ile ya Hammond ikikataa siilaumu, maana meno ya magurudumu hayajui Rast, na Hammond inayoshuka robo toni kwa utii inaanza kunitia shaka.

(Wenye kulalamika kuwa hivi vyote ni vyombo vya kigeni wakumbuke tashkota ya kundi la mwimbaji Zuhura Swaleh, chombo cha Kijapani chenye vitufe kama vya taipureta. Na neno kinanda lenyewe zamani lilikuwa la chombo cha nyuzi.)

Minimoog ya mwaka 1970 hupimwa kwa njia tatu. Weka osileta mbili kwenye noti moja, upige mara nane: kila mwanzo uwe na rangi yake, kwa kuwa osileta za kweli zinakimbia muda wote bila kukungoja. Pili, zungusha kile kitufe cha mwangwi wa filta taratibu hadi filta ianze kupiga mluzi yenyewe. Njiani besi inapaswa kukonda. Programu nyingi “hurekebisha” hilo ili besi ibaki nene, na kwa kufanya hivyo huitupa tabia ambayo watu walilipia. Tatu, panda hadi noti za juu kabisa kisha vuta sauti ipande zaidi. Kompyuta inayopima sauti mara 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba kitu juu ya hezi 22,050, na kilichozidi hurudi chini kikiwa na uongo: noti inapanda, huku sauti nyembamba nyuma yake inashuka. Ukiisikia mara moja, hutaacha kuisikia tena. Diva ya u-he, kutoka Berlin, hufaulu yote matatu, na hula umeme wa kompyuta kama mgeni wa Idi.

DX7 sina mengi ya kusema. Yamaha waliitoa mwaka 1983 ikiwa tayari ni hesabu tupu, osileta sita zikichanganywa kwa njia 32, na hesabu hainakiliwi, hurudiwa. Mwethiopia Hailu Mergia aliiweka pamoja na akodioni yake mwaka 1985, na ukitaka sauti zile Dexed itakupa zote bure. Kinachokosekana ni ukwaruzaji kidogo wa mashine ya zamani mwishoni mwa noti, pale sauti inapokaribia kufa. Wengine hawalali kwa ajili hiyo. Mimi nalala.

Jambo la mwisho nililofanya mchana ule ni la vidole. Kila programu huhifadhi sauti kidogo kidogo kabla ya kuitoa, na akiba hiyo ndiyo bafa. Bafa ya vipimo 128 ni kuchelewa kwa kiasi cha milisekunde tatu. Ya 1024 ni ishirini na tatu, sawa na kukaa mita nane kutoka kwenye spika yako mwenyewe. Mtu wa kwaya taratibu atavumilia. Mpiga chakacha atapotea kabla ya ubeti wa pili. Wauzaji huweka bafa kubwa ili programu isikwaruze mbele ya mteja, kwa hiyo nikaiomba laptopu, nikaishusha hadi 128, nikavuta vipau vyote tisa, nikalaza kiganja kizima juu ya vitufe na kukiburuta kutoka chini hadi juu, Leslie ikiwa inapanda kasi.

Feni ya laptopu ikaanza kuvuma. Sauti ikakatika mara moja, mara mbili. Mwuzaji akainuka akaleta nyingine kutoka nyuma, nene, yenye vumbi la kweli kwenye kona, akaiwasha na kuielekeza ukutani kabla sijasema.