"Kusahihisha Rangi" au "Kulandanisha Rangi"? Uhakiki wa Istilahi za Video

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa ovyo katika tafsiri za vitabu vya mafunzo ya video ni "kusahihisha rangi". Istilahi hii imebebeshwa kazi tatu zilizo mbalimbali, hata mwanafunzi hajui ameagizwa kufanya nini. Tunakusudia kuipima hapa.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Mahojiano yakianza mchana penye dirisha, yakamalizwa usiku chini ya taa, na mpangilio wa kamera usigeuzwe, vipande viwili vya video havitakuwa na rangi moja. Mwanga wa mchana hukadiriwa kuwa na joto la rangi la Kelvini 5600, na ule wa taa za studio za tangisteni 3200. Shati lililo jeupe katika kipande cha kwanza litakuwa la manjano katika cha pili. Ili kuiondoa tofauti hiyo, mpigapicha hupiga katika kila mwanga kadi yenye viraka vya rangi ambavyo vipimo vyake vinajulikana, akiiweka pale pale alipo msemaji. Kadi mashuhuri ya aina hiyo, ColorChecker, ilitolewa Marekani mwaka 1976. Ina viraka 24 katika safu nne, na safu ya mwisho yatoka nyeupe kupitia kijivu hadi nyeusi. Baadaye programu ya uhariri, kama vile DaVinci Resolve, huvisoma viraka hivyo, hupima vimepotoka kiasi gani, kisha hurekebisha kipande kizima.

Je, kazi hii ni kusahihisha? Kwa maoni yetu, sivyo. Kusahihisha kwadai kuwapo kosa na jibu moja la haki. Na historia yatuonya kuhusu neno hilo. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa "sahihi", na ngozi nyeusi zikapoteza sura katika picha. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Aitumiaye istilahi ya usahihi hana budi kuuliza: sahihi kwa nani?

Wengine wamependekeza "kulinganisha". Neno hili halitoshi, kwani anayelinganisha mapapai mawili sokoni hayabadilishi, huyatazama tu. Wengine husema "kuoanisha". Lakini rangi za kanga na kilemba zaweza kuoana huku zikiwa tofauti kabisa. Mhariri hatafuti kupendezana, anatafuta kufanana.

Sisi tunapendekeza "kulandanisha". Mtoto aliyefanana na baba yake husemwa amemlanda, na hapana anayeuliza kati yao nani sahihi. Huenda ikasemwa kwamba wataalamu wa kompyuta wamekwisha kulichukua neno hili kwa maana ya kufanya kumbukumbu za mahali pawili ziwe sawa. Hatuoni mgongano, maana wazo ni lile lile. "Kusahihisha rangi" ibakie kwa kipande chenye kasoro yake chenyewe, kama vile kilichopigwa kwa giza. Na kazi ya tatu, ya kuipa filamu sura aitakayo mwongozaji, iitwe "kupamba rangi".

Kuhusu kadi yenyewe, tafsiri nyingi husema "chati ya rejea". Hii ni kufuata lugha ya kigeni neno kwa neno. Chati tunayoijua hutundikwa ukutani darasani, na rejea ni kitabu kinachoendewa kwa habari. Kadi hii hufanya kazi ya kigezo cha fundi cherehani: huwekwa juu ya kitambaa, na kitambaa hukatwa kwa kukifuata. Basi na iitwe "kadi ya vigezo vya rangi".

Jambo hili si la maneno matupu. Mwalimu akisema "sahihisha", mwanafunzi atakirekebisha kila kipande peke yake mpaka kipendeze machoni, na mwisho vipande havitafanana. Akisema "landanisha", atajua kwamba kuna vipande viwili, na kwamba kadi ilipaswa kupigwa tangu mwanzo. Tunawaomba walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi kazini na kutuletea hoja zao, za kuunga mkono au za kupinga, kabla hazijapelekwa kusanifishwa.