Tezi Inaposhindwa: Paka, Usaha na Kipimo cha Saa Moja

Paka shume wanaozizunguka meza za nyama katika soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, hupigana kwa meno. Na jino la paka, kwa wembamba wake, huacha ngozini tundu dogo linaloziba upesi, huku chini yake bakteria waliotoka kinywani wakizaana katika usaha usio na pa kutokea, hata usaha huo ukiachiliwa, aghalabu penye shina la mkia, sumu yake ikaingia damuni.

Paka aliyefikwa na msiba huu hafanani na mbwa. Mara nyingi mwili wake hupoa na moyo hupiga polepole, hata mwenyewe, aliyempakata ndani ya matatu kutoka Umoja hadi kwa daktari wa mifugo huko Upper Kabete, akadhani amelala tu. Daktari hutundika dripu, hupasua jipu, humdunga dawa ya bakteria, kisha noradrenalini ya kubana mishipa. Na endapo baada ya yote hayo msukumo wa damu haupandi, ni wajibu azifikirie tezi mbili ndogo zilizo karibu na figo, zitoazo kotisoli, ambayo ikipungua mishipa haiitiki dawa.

Kwamba tezi hizo ndizo uhai wa paka, walidhihirisha Swingle na Pfiffner wa Princeton, Marekani, waliotangaza mwaka 1930 kuwa paka waliotolewa tezi zote mbili waliishi kwa kudungwa dawa iliyokamuliwa kutoka ganda la tezi za namna hiyo. Lakini katika sumu ya damu tezi aghalabu haijafa, bali imeelemewa. Kwa hiyo sodiamu na potasiamu, zinazofichua maradhi ya Addison, yaani kufa kwa tezi zenyewe, huenda zisibadilike, na anayezitegemea atapotea.

Njia ya kuipima tezi iliyoelemewa ni hii: hutolewa damu, paka akadungwa homoni bandia ya kuiamrisha tezi, na baada ya saa moja damu ikatolewa tena. Kotisoli ya awali yaweza kuwa juu na tezi ikawa imeshindwa vilevile, kwani hukumu imo katika tofauti: tezi yenye siha hupandisha, iliyoelemewa husalia palepale.

Haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, na isitangulie damu ya pili, maana maabara huihesabu kuwa kotisoli. Ila damu hiyo ikishatolewa, kwa rai yangu, kungoja majibu kabla ya kumdunga haidrokotisoni, huku paka akizidi kupoa, ni dhuluma. Dozi yake iwe ndogo, kwani dozi kubwa za steroidi zilizojaribiwa kwa wanadamu, majaribio ya mwaka 1987 yalionyesha hazikuokoa maisha. Msukumo ukitulia, noradrenalini hupunguzwa kwanza, haidrokotisoni ikafuata taratibu.