Sifa kwa Mwenye Kukata

Mashua inazama bure. Ndivyo inavyoishia The African Queen, riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Charlie Allnutt, fundi mitambo asiyeachana na chupa, na Rose Sayer, dada wa mmisionari, wameteremka mtoni na mashua mbovu, wakapita maporomoko, wakajivuta kwenye matope na matete, wakafika ziwani na mabomu mawili waliyoyaunda wenyewe yametokeza puani. Shabaha yao ni manowari ya Wajerumani inayotamba ziwani. Usiku wenyewe ulipofika, dhoruba ikawapindua. Manowari inakuja kuzamishwa na boti za Waingereza zinazochomoza mwishoni mwa kitabu, kana kwamba taabu yote ile ya mtoni haikuwa na kazi.

John Huston alipoitengenezea filamu mwaka 1951 hakubishana na dhoruba. Mashua bado inapinduka, wawili wale bado wanakamatwa. Lakini gofu la mashua linabaki likielea, mabomu yametokeza vilevile, na manowari inaliparamia wakati Charlie na Rose wako juu yake wanasubiri kitanzi. Hapo ndipo yale mabomu yanapofanya kazi yaliyoundiwa. (Historia yenyewe ilikwenda njia ya tatu: Graf von Goetzen, meli ya Ziwa Tanganyika iliyozaa kisa hiki, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kwa jina la MV Liemba ikabeba abiria na dagaa wa Kigoma kwa miongo mingi. Historia hiyo nayo ingefaa filamu.)

Niliwahi kuitazama filamu ya Huston huko Mkwiro, kwenye kompyuta ndogo, pamoja na nahodha mmoja mstaafu. Mkwiro ni kijiji kilicho kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni. Kisiwani hakuna gari. Saruji, unga, mgonjwa na bibi harusi, wote huvushwa kwa chombo, na watu wa hapo huitazama mashua ya kwenye filamu kwa jicho la anayejua uzito wake. Filamu ilipokwisha nikamweleza mzee jinsi kitabu kilivyoishia. Akanitazama kama niliyemtukania mtu wake. “Mwanangu, huyo mwandishi hajapakia chombo maishani mwake. Utayabebaje mabomu mto mzima halafu uyamwage mlangoni?”

Sijasikia mhakiki aliyeisema hoja hiyo vizuri zaidi. Huston na aliyeandika naye muswada, James Agee, hawakuongeza bomu wala mhusika. Waliviona vile vilivyokuwemo tayari na mwenye kitabu hakuvitumia. Kwa hiyo nikiulizwa kama filamu yaweza kuishinda riwaya iliyoizaa, nasema naam, na sioni haya kusema hivyo mbele ya walimu wangu wa fasihi. Kauli kwamba kitabu siku zote ni bora naiona ni ya heshima tu, kama mtu anavyomsifu mkubwa wake hadharani.

Heshima hiyo inaweza kuua. Nchini Kenya kila mwanafunzi wa sekondari anayajua makundi ya maigizo yanayozunguka shuleni na vitabu vya kutahiniwa. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilizungushwa hivyo, na baada yake Chozi la Heri cha Assumpta Matei. Ukumbi hujaa, wanafunzi hucheka, na wengine wanakielewa kisa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ni kazi ya halali na naipenda. Ila haithubutu kukata, maana mtihani unaweza kumuuliza mtahiniwa habari za mhusika yeyote, hata yule aliyepita mara moja akiuza ndizi. Basi wote wanapandishwa jukwaani, kila mmoja anasema lake na kutoka. Mtazamaji anaondoka na muhtasari wenye nguo na vilemba.

Sifa zangu nampa mwenye kukata. Mfano wa karibu tulio nao ni Vuta N'kuvute. Adam Shafi aliitoa riwaya hiyo mwaka 1999, na Amil Shivji akaifanya filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, baada ya zaidi ya miaka 20 bila kupeleka filamu yoyote. Kitabu kinaanza polepole, kwa raha ya msimuliaji asiyekimbizwa na mtu. Yasmin ana miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka anayeweza kumzaa, anahamishiwa Mombasa, anatoroka kurudi Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango, anapokelewa na Mwajuma huko mtaani Ng'ambo. Kurasa zinapita nyingi kabla Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na siasa za kuwatoa Waingereza, hajaingia maishani mwake. Msomaji havumilii tu, anafurahia, kwa sababu Shafi anajua kupiga soga.

Shivji na Jenna Bass, aliyeandika naye muswada, hawakuisubiri safari hiyo. Yasmin anakutana na Denge usiku, akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Kwa tukio moja ndoa ya kulazimishwa na harakati za uhuru zimegongana njia panda, na filamu ya saa moja na nusu hivi imepata mwanzo. Hapo palihitaji ujasiri, kwa kuwa riwaya hiyo imesomeshwa madarasani Tanzania na kila aliyeisoma ana Yasmin wake kichwani.

Mafundi wa majahazi wa pwani hii hufanya jambo linalofanana na hilo. Wanapotafuta mataruma hawataki mti ulionyooka. Huzunguka mwituni wakitafuta tawi lililojipinda lenyewe kama ubavu wa chombo, hulikata hilo na kuuacha mti uliobaki. Anayeugeuza ukurasa kuwa picha naye anatafuta pindo. Akilikosa, hata abebe msitu mzima, chombo hakitasimama.

Lakini mkono unaweza kukata pasipostahili. Karen Blixen aliandika Out of Africa mwaka 1937 kama vipande vya maisha ya shamba la kahawa chini ya Ngong. Kamante, mtoto mgonjwa aliyekuja kuwa mpishi hodari, ana sehemu yake nzima, na Denys Finch Hatton anaguswa kwa staha. Jicho la kitabu hicho ni la bibi mwenye shamba, hilo halifichiki, lakini ni jicho linalokaa na kutazama. Filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985 ilimkuza Finch Hatton, ikamfanya Kamante mpita njia, na ikapata Oscar saba. Ni nzuri kwa macho. Mimi naihesabu kuwa ndogo kuliko kitabu chake.

Kazi nyingine hutaka kuongezwa badala ya kukatwa. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, ilitokana na “Jambula Tree”, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ni barua ya msichana mmoja kwa mwenzake. Kahiu akaihamishia Nairobi na kuipa mitaa, rangi na majirani.

Kitu kimoja kitabu hakiwezi kukipata hata kikiandikwa na nani. Mwanafunzi wa Kitui anamsoma Mwajuma wa Vuta N'kuvute kwa sauti yake mwenyewe ya Kitui. Katika filamu ya Shivji anamsikia kwa sauti ya Siti Amina, mwimbaji wa Unguja, na mtu wa Mkwiro, ambaye ana jamaa Tanga na Pemba, haoni kwamba anasikiliza ugeni. Ninachosikitikia ni Mombasa. Kitabuni Yasmin huvuka bahari hii hii yetu, na ningependa kuona pwani ya kusini ikipita ubavuni mwa meli yake. Ningekuwa kwenye chumba cha uhariri ningeng'ang'ania kipande hicho, na nadhani ningeiharibu filamu.

Kinachofuata kufanywa filamu kiwe Kuli, riwaya ya Shafi ya mwaka 1979 kuhusu Rashidi, mchukuzi wa bandari ya Unguja, na mgomo wa mwaka 1948. Mimi ningeanzia kwenye winchi, mzigo ukiwa hewani na watu wamekataa kuupokea. Na atakayeuandika muswada huo asije kuniuliza sura za mwanzo nimezipeleka wapi.