Nani Alimuuliza Mbwa Mwitu?

Kama una mdogo wako wa miaka kumi hivi na anapenda stori za upelelezi, mtafutie The Sisters Grimm. Ni vitabu tisa vya Michael Buckley wa Marekani, vilivyotoka kati ya 2005 na 2012. Dada wawili, Sabrina na Daphne, wazazi wao wametoweka ghafla. Wanapelekwa kwa nyanya yao katika mji mdogo wa Ferryport Landing, jimbo la New York, na huko wanagundua kwamba ukoo wao ni ule wa ndugu Grimm waliokusanya ngano za Kijerumani. Si hayo tu. Wahusika wa ngano zenyewe ni majirani. Prince Charming ndiye meya. Mzee anayemwendesha nyanya kwenye gari, Mr. Canis, ndiye yule mbwa mwitu wa msichana wa kofia nyekundu. Wote wamefungiwa mjini kwa uchawi, maadamu ukoo wa Grimm ungalipo, na kazi ya familia ni kupeleleza uhalifu wao.

Vitabu hivi vina kasoro. Sabrina analalamika mpaka unachoka, na mizaha michafu ya Puck ni mingi kuliko inavyohitajika. Kuna sura zinazokimbia kama kipindi cha runinga kinachoogopa usibadilishe chaneli. Mimi navumilia yote hayo kwa sababu ya kitabu cha sita, Tales from the Hood.

Humo Mr. Canis anashtakiwa kwa mauaji ya nyanya wa msichana wa kofia nyekundu. Hakimu ni Mad Hatter, kwa hiyo unajua mapema ni mahakama ya aina gani. Hukumu imeshaandikwa vichwani mwa watu kwa sababu kila mtu aliisikia hadithi ile akiwa mtoto. Mbwa mwitu alikula, basi. Wale dada wanauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: nani aliona? Wanatafuta mashahidi, wanakuta maelezo hayalingani, na hadithi unayoijua tangu chekechea inaanza kupasuka mikononi mwako. Kwa mtoto wa miaka kumi, hilo si jambo dogo.

Mimi nakisoma kitabu hicho kutoka Taru, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Samburu. Huku Kwale, na kwa majirani zetu Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Magazeti yameripoti miaka nenda miaka rudi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kunakuwa na shamba ambalo mtu analitaka. Mvi na macho mekundu vinageuka ushahidi. Kwa hiyo hadithi ambayo watoto wanakataa kumhukumu mzee kwa sababu tu mji mzima unaijua habari yake, kwangu mimi si burudani pekee.

Na sisi tunayo hadithi yetu ya upelelezi, tena ya zamani. Askofu Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa Unguja. Ni kisa cha Sultani Majinuni na Nunda. Andrew Lang akaiingiza kwenye The Violet Fairy Book mwaka 1901, watoto wa Uingereza wakaisoma kando ya ngano za Ulaya. Sultani ana paka. Paka anaua ndama, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anaua mbuzi, jibu ni lile lile. Anafika kwa watu, bado analindwa, mpaka siku anapowaua watoto wa sultani mwenyewe. Unamjua sultani huyo. Kila kaunti inaye.

Hapo mtoto mdogo wa mwisho anatoka kumsaka Nunda. Shida ni kwamba hajui anafananaje. Anaua mbwa, anampeleka kwa mama yake, mama anaimba kwamba siye. Anaua ngawa, siye. Punda milia, twiga, kifaru, ndovu, wote sio. Tulipokuwa wadogo tuliifurahia kwa sababu ya wimbo unaorudi na wanyama wanaozidi ukubwa. Ukiisoma kwa jicho la Sabrina unaona kingine: huyu mpelelezi anaua kila mshukiwa kwanza, halafu ndipo anauliza kama ndiye. Shujaa anapata sifa. Twiga hana wa kumlilia.

Shuleni hatukuisoma hivyo hata siku moja. Fasihi simulizi ilikuwa ya kukariri kwa ajili ya KCSE: ngano za mazimwi, ngano za usuli, khurafa, fomyula ya kuanzia na ya kumalizia, taja sifa nne za zimwi. Funzo lilikuwa lishapikwa na kupakuliwa. Kwani nani angethubutu kumuuliza mwalimu zimwi lenyewe lilisema nini?

Lakini sitaki mtu achukue fomula ya Buckley aipake rangi ya Pwani. Yeye ana raha ambayo mwandishi wa Msambweni hana: huko kwao hakuna anayeamini kwa dhati kwamba mbwa mwitu wa hadithi anakaa nyumba ya tatu. Huku kuna watu wanaoamini. Kaya Kinondo pale Diani, jirani na mahoteli, ni msitu mtakatifu wenye wazee na miiko yake, si jukwaa la kuwekea mazimwi ya kubuni. Ukimpa mtoto wa Kinango kitabu cha wapelelezi wanaomsaka mchawi kijijini, na kweli wakampata, umemwongezea nini?

Ningeanzia mwanzo wa kisa kile kile, kabla ya paka. Kuna mwizi wa tende. Kaka wakubwa wanalinda mtende kwa zamu, wanalala, tende zinakwisha. Mdogo anajitia mchanga mdomoni ili usingizi usimchukue, anamkamata ndege akiwa kazini, na hamuui. Wanaongea. Ndege anajitetea, anampa unyoya, anaachiliwa. Ni kijana huyo huyo atakayekuja kumuua twiga.