Kilumi si Burudani

Kitenzi 'kuburudisha' kimezagaa mno katika hafla zetu hata hakuna anayekitilia shaka. Kwaya huburudisha, mchekeshaji huburudisha, watoto wa chekechea nao huburudisha wageni waheshimiwa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kupoza: maji ya mtungi humburudisha mwenye kiu. Sina ugomvi nacho kikikaa mahali pake. Tuligombana mjini Wote, Makueni, nilikokwenda kama shabiki tu, bila makala ya kuwasilisha, kwenye kongamano la ngoma za kienyeji lililokutanisha vikundi vya huko na vya ng'ambo ya Mto Athi, yaani Kitui.

Mfawidhi aliwakaribisha akina mama wazee kutoka Kitui 'watuburudishe kwa kilumi'. Dakika saba. Sasa, kilumi ni ngoma ya pepo na ya mvua. Wakamba huicheza kuwaita maimu, roho za wahenga, ili mgonjwa apone au mbingu zifunguke, na kwao ni uani kwa mgonjwa au kwenye ithembo, mahali pa matambiko. Katika nchi ambayo mkulima hutegemea hasa mvua za Oktoba hadi Desemba, na zikikosekana ni njaa, hilo si jambo la kupoza koo.

Ngoma hiyo huanza taratibu, kama mtu atembeaye kwa mkongojo. Mdundo hurudiwa na kurudiwa, na asiyejua hudhani hakuna kinachoendelea. Kumbe kurudia huko ndiyo kazi yenyewe: mwili unapashwa moto hadi ulegee na kupokea. Hata ngozi za ngoma zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zikaze. Kupasha moto, si kuburudisha! Mabega ya mama mmoja yalipoanza kutikisika yenyewe, kengele ikalia. Tukapiga makofi.

Nilimfuata nyuma ya hema.

"Hongera, Mama. Nimefurahi sana."

Akanitazama kwa huruma. "Umefurahia nini, mwalimu? Tulikuwa bado tunabisha hodi."

Hata hivyo, jukwaa halikuua kila kitu. Kikundi kimoja cha Makueni kilileta nyimbo za mwethya, ule ushirika wa kazi uliochimba matuta ya 'fanya juu' katika vilima vya Ukambani. Nilitarajia kichekesho, maana majembe kwenye zulia yatalima nini? Lakini wapi! Mipini iligongwa sakafuni ikashika mapigo, na mwimbishaji akaanza kutugusa mmoja mmoja: wageni rasmi waliochelewa saa mbili, chai iliyoishia meza ya mbele, na profesa fulani anayeandika badala ya kuitikia. Nikalifunga daftari, nikaitikia. Wimbo wa kazi humchapua mvivu papo hapo, kwa hivyo penye wavivu popote uko nyumbani.

Hapo ndipo kipimo kimoja kinapotupotosha. Wimbo wa mwethya huishi kwa kubuni papo kwa papo. Ukiufupisha, meno yake yangalipo. Kilumi huishi kwa kurefuka. Ukikikata, umebaki na sare na shanga. Lakini fomu ya tathmini tuliyogawiwa iliuliza maswali yaleyale kwa vikundi vyote, mavazi na tabasamu vikiwemo. Tabasamu, kwa mtu anayeita roho!

Si kwamba maarifa yamekosekana. Paul Kavyu alichapisha An Introduction to Kamba Music mwaka 1977, na mwaka 2016 tukapata sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria hiyo inaweza kumkinga mama yule na mwizi wa wimbo. Kengele ni shauri letu sisi tunaoandaa na kuhakiki.

Kiswahili nacho hakijapungukiwa. Watu wa Pwani husema 'kupunga pepo', na shughuli hiyo wanaweza kuikesha. Mfawidhi angesema tu, 'Akina mama hawa wanakuja kuomba mvua,' huenda waandalizi wenyewe wangejiuliza ni nani aombaye mvua kwa dakika saba. Wakituita tena, basi kilumi kipangwe mwisho wa ratiba, jioni, nje uwanjani, bila kengele, na mwenye haraka aende zake.