Mkanda Umerudi, Sauti i Wapi?

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliongoza jaribio la sinema lililogharimiwa na Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 za mafunzo ya kilimo, mifugo, akiba ya posta na afya, zikapakiwa katika lori na kuonyeshwa usiku Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilizosalia ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Mojawapo, Tropical Hookworm ya 1936, inahusu safura.

Mwaka 2010 ilifunguliwa tovuti ya Colonial Film, iliyoorodhesha filamu zaidi ya 6,000 za himaya hiyo na kuonyesha zaidi ya 150. Maktaba ya Wellcome ya London nayo imeweka mtandaoni mamia ya filamu za utabibu, nyingi zikiwa na ruhusa ya kutumiwa tena. Jambo hili ni la kushukuriwa. Kilichohitaji nauli ya London sasa kinahitaji simu tu.

Hata hivyo, kinachorudi si kazi kamili. Sauti za sinema za Vugiri hazikuchapwa juu ya mkanda. Zilitiwa katika santuri, kwa Kiswahili, Kisukuma, Kiganda na lugha nyinginezo, ili picha zile zile zisemeshwe kwa kila watu kwa lugha yao. Mkanda bila santuri ni nusu ya kazi, na nusu iliyopotea ndiyo iliyokuwa yetu.

Wapenzi wa ushairi wataelewa uzito wa hasara hiyo. Safura ni jina la hali: weupe wa macho, uvimbe, uchovu. Mnyoo ni jina la mdudu. Hoja nzima ya filamu ya namna hiyo ni kuyafunga maneno hayo mawili, kwamba unyonge wa mtu umetokana na kiumbe kilichopenya ngozi ya wayo mtupu kutoka udongo uliochafuliwa, kikaenda kunyonya damu matumboni. Picha haiwezi peke yake kufunga fundo hilo. Hufungwa na mfasiri. Mfasiri huyo aliteua neno gani? Alishawishi, au aliamrisha? Bila sauti yake, mhakiki anamhukumu mpiga picha pekee.

Mtazamaji wa Shishiyu, mkoani Simiyu, ana haki ya kuuliza hayo. Maswa ilipigwa na malale mwaka 1922, na habari za utabibu wa serikali si ngeni huko. Lakini leo akifungua hazina hizi hukuta maelezo ya Kiingereza, wala si Kisukuma kilichowahi kutoka katika kipaza sauti cha lori.

Kuna na suala la uso. Leseni humtaja mwenye mkanda. Haimtaji mgonjwa aliyesimamishwa mbele ya kamera, ambaye mara nyingi jina lake halikuandikwa. Kumruhusu kila mtu kuukata na kuuunga upya mwili wake ni ukarimu wa mali isiyo ya mkarimu.

Dawa si kuyafunga makabati tena. Filamu zibaki wazi, lakini ziandikiwe maelezo kwa lugha za waliopigwa picha, majina yao yatafutwe vijijini wakingali wapo wa kuwakumbuka, na wafasiri wetu wazitungie sauti mpya, wakikiri kuwa ni mpya. Hapo ndipo mkanda utakapokuwa umerudi nyumbani.